Kila Anayeniona Ananiambia "Umepotea"

Shangazi, salaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, Mnubi wa Uganda, nakaa hapa Bombo katika nyumba aliyotuachia baba. Niliachika zamani, na hilo nilishalilia likaisha. Mtoto wangu mmoja yuko shule ya bweni.

Mei 2020, katikati ya Ramadhani, mama alianguka bafuni. Kiharusi. Ilikuwa lokidauni ya kwanza: taksi, yaani daladala zetu, zimesimamishwa, boda hazibebi abiria, na gari la mtu binafsi haliondoki bila kibali. Mpaka tukapata gari na karatasi yake, saa sita zilikuwa zimepita. Mama hakufa siku hiyo, lakini upande wa kulia haukurudi, na maneno yakabaki matatu, manne. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Dada yangu mkubwa yuko Kampala, kaka yuko Arua, mdogo wetu yuko Juba. Walituma pesa, sikatai.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa ndani. Wenzangu kafyu yao iliondolewa Januari 2022, watoto wakarudi shule, watu wakarudi harusini. Yangu haikuondolewa. Mama alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asitoke vidonda, alishwe uji kwa kijiko, afuliwe. Riziki ilikuwa tabaga, vifuniko vya vyakula, ninazosuka: mteja anapiga simu, anatuma boda, pesa inaingia kwenye simu. Kuna miezi niliyoimaliza bila kufika hata sokoni. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa miguu yangu. Mwanzo niliumia. Baadaye nikazoea. Baadaye zaidi, Mungu anisamehe, nikapenda.

Mama alifariki Februari 2025, mwezi wa Shaabani. Ndizo wiki zile Ebola ilikuwa imetangazwa Kampala, kwa hiyo hata kwenye tanga watu walinipungia mkono kwa mbali, wakanawa kwenye jerikani mlangoni, wakaketi kidogo, wakaenda. Sikumbuki kama kuna aliyenikumbatia.

Sasa hakuna anayenizuia kutoka, na kutoka ndiko siwezi. Miezi michache baada ya arobaini nilialikwa nikahi ya binamu, Kawempe. Nilivaa gurbaba mpya, nikapanda taksi, nikajisemea leo narudi duniani. Mpaka Matugga nilikuwa sijambo. Pale gari likajaa, mwanamume akanibana na bega lake, nikaanza kutoka jasho. Shughulini spika zilikuwa zinapiga mpaka kifua kinatikisika. Wanawake wakanijia mmoja mmoja: "Wee! Umepotea!" Wa kwanza nilicheka. Wa tano, moyo ulianza kwenda mbio, masikio yakaziba, vidole vikafa ganzi. Nilidhani ni kiharusi kama cha mama. Nikajifungia chooni karibu dakika arobaini, watu wanagonga. Nilitokea nyuma, nikachukua boda mpaka steji, sikula hata wali.

Tangu hapo nimekataa mialiko mitatu, kila mmoja kwa kusema nina malaria. Malaria yangu mwaka huu imekuwa nyingi kuliko mvua.

Hata mazungumzo ya kawaida yamenishinda. Jibu linanijia watu wakiwa wameshahamia habari nyingine. Nacheka nikiwa nimechelewa. Majina ya watu niliosoma nao yamefutika. Kwenye nigiina yetu, kikundi cha wanawake cha kuchangiana, natuma mchango kwa simu bila kufika, na nimesikia wanasema nimejaa kiburi kwa sababu nimebaki na nyumba ya wazee.

Kaka yangu anasema kuna jini ndani ya nyumba, anataka kuniletea sheikh wa kunisomea. Rafiki yangu mmoja amenipa vidonge vyake vya usingizi, nusu pakiti, sijavinywa. Na sasa binti wa dada yangu anaolewa baada ya miezi miwili. Usiku wa doluka, ngoma yetu ya harusi, anataka niketi ubavuni mwake, kwa sababu utotoni alilelewa kwangu. Huyo siwezi kumwambia malaria.

Shangazi, ninaumwa? Au nimekuwa mtu mbaya? Maana kuna siku nawachukia wote.

Wa Ndani, Bombo

*

Wa Ndani, aleikum salaam. Mungu amrehemu mama, na mikono iliyomgeuza kila baada ya saa mbili kwa karibu miaka mitano Mungu aitie nguvu.

Naanza na ile sentensi yako ya mwisho, uliyoitupa mlangoni ukiwa umeshavaa viatu. Unawachukia. Barua yako ni ndefu, mwanangu, lakini ndugu zako watatu umewapimia kidogo sana: wako wapi, halafu "walituma pesa, sikatai." Hilo "sikatai" nimelisoma mara tatu. Mtu asiye na kinyongo hamalizii hivyo.

Hebu tulisikilize na neno lenyewe lililokukimbiza Kawempe. "Umepotea." Hapa kwetu hiyo ni salamu. Baganda wana yao, "nga wabula," nasi tuna hii, na anayeitoa mara nyingi hana maana zaidi ya "nimefurahi kukuona." Angeweza kusema umenenepa, ingekuwa kitu kilekile. Lakini masikioni mwako halikuingia kama salamu. Wewe hukupotea. Ulikuwa Bombo, nyumba ileile, simu ileile, na kila anayekuambia umepotea angeweza kuja siku yoyote akakukuta umekaa kitandani kwa mama na bakuli la uji. Ambao hawakuonekana ni wao. Halafu wanakuja na gurbaba zao kukuuliza wewe ulikuwa wapi! Mimi pia moyo ungeenda mbio.

Kwa hiyo usichanganye mambo mawili. Kuna woga na kuna hasira, na kwako vimevaa nguo moja. Woga tutautafutia dawa hapa chini. Hasira ina mwenyewe, na sidhani kama ni wale wanawake wa Kawempe.

Kwanza mwili, maana uliniuliza kama unaumwa. Nenda kituo cha afya, kabla ya kumwona sheikh na kabla ya kuniandikia tena. Wakupime presha, wakupime damu kama inatosha, na uwaeleze moyo kwenda mbio, maana hata tezi ya shingo ikizidisha kazi inaweza kufanya hivyo. Mama yako alipigwa na kiharusi. Una haki ya kujua presha yako iko wapi badala ya kuikisia ukiwa chooni. Vile vidonge vya usingizi mrudishie mwenyewe leo. Dawa hizo nyingine mwili unazizoea mpaka ukiacha unateseka kuliko mwanzo, na hakuna daktari aliyekupimia kipimo chako.

Wakikukuta mzima, basi kilichokupata Kawempe ni hofu iliyopanda ghafla. Mwili ulidhani kuna hatari, ukafanya unayoyajua: moyo mbio, pumzi fupifupi, vidole ganzi kwa sababu ya kuhema haraka. Inatisha sana na haiui. Jambo la kulijua ni kwamba inapanda, inafika kileleni, halafu inashuka yenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache, ukiiacha. Ukikimbia ikiwa bado inapanda, mwili unajifunza kwamba ulipona kwa sababu ulikimbia, na safari ijayo utaanza kutetemeka ukiwa bado Matugga. Ile malaria ya uongo nayo ndiyo hivyohivyo. Kila mwaliko unaoukataa unakupa nafuu ya jioni moja, na unaofuata unakuwa mzito zaidi. Ikija tena, kaa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au saba, miguu yote chini, na ushike kitu chochote mkononi.

Sheikh? Qurani haijamdhuru mtu. Akija asome, nyumba isomewe, mama aombewe, na mwambie kaka yako aje aketi naye, kwa kuwa jini amelitambua kwa simu kutoka Arua. Lakini msomaji akija na fimbo, au na moshi wa kukukaba, au akakuambia usiende hospitali, mfungulie mlango atoke. Na baada ya wiki kadhaa za kujaribu nitakayokueleza, ukiona hofu inakuja hata ukiwa peke yako, usingizi umekataa, au umeanza kuona afadhali umfuate mama, usingoje barua yangu. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo Kampala tangu 1955. Najua. Hapa kwetu kumwambia mtu "nenda Butabika" ni tusi. Tusi hilo limewachelewesha watu wengi waliohitaji tu mtu wa kuwasikiliza na dawa ya miezi michache.

Sasa kutoka.

Kosa lako la Kawempe halikuwa kwenda. Ulikwenda kama mgeni. Umekaa ndani karibu miaka mitano, halafu siku ya kwanza unavaa nguo mpya, unapita mlango wa mbele, unaketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu 200, mikono mitupu, kazi yako ni kutazamwa. Hata mimi ninayependa shughuli sikai hivyo.

Nikupe kisa. Nilikuwa mwalimu wa msingi. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Dunia nzima ilitutaja. Siku ile walimu tulidhani kazi itakuwa hesabu walizosahau. Hesabu zilikuwa jambo dogo. Walikuwa wamesahau kukaa. Wavulana waliokuwa wakifyatua matofali hawakutaka kuomba ruhusa ya kutoka. Wasichana wengine walikuwa mama. Na alikuwepo mmoja, wa darasa la tano, aliyesimama ukutani siku nne. Ukimwambia keti na mwenzako, machozi. Nilijaribu upole, nikajaribu ukali, naungama. Siku ya tano, kwa sababu tu mkono wangu ulikuwa unauma, nilimpa kifutio nikamwambia afute ubao. Akafuta. Nikamwambia agawe madaftari. Ili agawe, ilibidi afike kila dawati, aulize kila jina. Baada ya wiki mbili alikuwa anapigwa kelele anyamaze kama wenzake.

Wewe una mikono kuliko mtoto yule. Shughuli zetu zina milango miwili, na wa nyuma ndio wenye watu. Usiende harusini saa ya kula. Nenda usiku wa kuamkia, wakati wa kumenya matoke na kuchambua mchele. Pale wanawake wanakaa chini, macho yako kwenye kisu, spika iko mbali. Mazungumzo yanakuja vipandevipande, na mtu akinyamaza robo saa hakuna anayemuuliza ana nini, anamenya. Jibu lako likichelewa, wanadhani unahesabu ndizi. Ukichoka, kuna maji ya kuchota. Kama wanapika gurusa, chapati zetu za Kinubi, kaa kwenye kikaango, maana wa kikaango kila mtu anampenda na hakuna anayemsumbua.

Kabla ya hapo anza na vidogo zaidi. Una deni la kuwashukuru waliokuja kwenye tanga, hata wale waliokupungia mkono. Usiwalaumu sana kwa hilo. Mikono ya nchi hii imefundishwa kuogopa mara tatu: corona 2020, Ebola ya Mubende na Kassanda 2022, kisha hii ya Kampala ambayo ilitangazwa wiki mama yako alipokuwa anaondoka. Hawakukukumbatia kwa kuwa waliambiwa wasikumbatie. Wewe hukupata tanga kamili, nao wanajua. Nenda nyumba moja kwa wiki, nyumba mbili ukiweza, saa kumi na moja na nusu jioni, ukae nusu saa. Sababu ya kwenda unayo: "nimekuja kushukuru." Sababu ya kuondoka unayo: Magharibi inakaribia. Hakuna ziara iliyo rahisi kuliko yenye mwanzo na mwisho unaojulikana.

Na kama unaogopa kukosa la kusema, zikumbuke salamu zetu. Habari za hapa, nzuri. Watoto, hawajambo. Mzee, anaendelea. Shamba, mvua imechelewa. Vijana wanazicheka kwa urefu. Mimi naziona kama fimbo ya mzee: unaiegemea hadi umefika kwenye kiti, na hukutunga hata neno moja. Jina likikukimbia, sema wazi: "Nikumbushe jina, dada, kichwa changu kilikuwa kwa mama." Hakuna Mnubi wala Mganda atakayechukia hapo.

Taksi nayo, kaa karibu na mlango au dirisha, na kwa mwezi huu panda ya asubuhi wakati haijajaa. Nigiina peleka mchango kwa mkono hata kama utasimama kizingitini dakika tano. Wakikuona uso, habari ya kiburi itajifia. Ilikuwa inakula kutokuonekana kwako.

"Umepotea" itakuja tu, huwezi kuizuia. Uwe na jibu tayari, ulisemee jikoni mpaka likuzoee: "Sikupotea, nilikuwa nyumbani na mama. Na nyinyi, mwendaje?" Lisemee kwa sauti ya kawaida, bila kumkazia mtu macho. Mwenye haya yake ataona haya, na mwenye salamu tu ataendelea na salamu.

Nirudi kwa mwenye hasira. Bibi harusi ni binti wa dada yako mkubwa, yule wa Kampala. Bombo hadi Kampala ni kama kilomita 35. Sijui kwa nini hakuwa akija. Huenda ana sababu, huenda alishindwa kumwona mama bila maneno, wapo watu wa hivyo na si wabaya. Lakini ukienda kuketi ubavuni mwa binti yake ukiwa umelimeza hili, litakupanda kooni usiku wa doluka mbele ya ngoma, nawe utasema ni spika. Mwite kabla. Usimfungulie mashtaka, usimhesabie usiku ulizokesha. Mwambie: dada, nataka uje ulale siku mbili nyumbani kwa mama, tupange nguo zake pamoja, sikuweza kuzigusa peke yangu. (Nakisia hujazigusa. Kama umezigusa, vyombo basi, au dawa zilizobaki.) Akija, mengine yatasemwa yenyewe saa nane za usiku. Akikataa, utakuwa umejua, na angalau hasira itaacha kuwaangukia wanawake wa Kawempe ambao hawakuwa na deni.

Ulisema ulifika mahali ukaupenda ukimya, ukaomba msamaha kwa Mungu. Mimi sioni kosa. Ulikaa na mtu mwenye maneno manne na mkaelewana. Wengi wana maneno elfu na hawaelewani. Sitaki uwe mtu wa kila shughuli. Jumatano yako na ukili wako, mlango umerudishwa, iendelee. Nataka tu uwe na uwezo wa kutoka siku unayotaka.

Kwa binti, kubali. Lakini mwambie ukweli yeye peke yake: "Nitaketi nawe. Nikiinuka, usinitafute, ninapumua nje dakika kumi, narudi." Mtoto uliyemlea ataelewa haraka kuliko watu wazima. Usiku wa kuamkia uwe jikoni, ili asubuhi nusu ya wageni wawe ni watu mliomenya nao. Chagua kiti mbali na spika. Ukitoka nje, toka kwa mlango wa mbele, rudi kwa mlango wa mbele, hata ukitoka mara sita. Chooni usijifungie, wengine wanakihitaji.

Na mteja wa kwanza wiki hii akipiga simu kusema anatuma boda achukue tabaga, mwambie boda hapana, aje mwenyewe achague rangi. Weka chai. Malaria nayo uipe likizo, imekufanyia kazi sana mwaka huu.

Shangazi